Dikloromethani: kwa nini pua, glavu na barakoa havitoshi

Wengi wamewahi kuiona dikloromethani, kimiminika cha kuyeyushia rangi na grisi, bila kujua. Imo ndani ya yule ndege wa kioo wa kuchezea anayeinama kuchovya mdomo kwenye glasi ya maji, akainuka, akainama tena, mchana kutwa bila betri. Miles V. Sullivan, mwanasayansi wa Bell Labs, alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1946. Siri iko kwenye kimiminika cha rangi kilichofungiwa tumboni mwa ndege. Kinachemka kwenye nyuzi joto 40 hivi za Selsiasi, kwa hiyo tofauti ndogo ya joto kati ya kichwa kilicholowa na tumbo lililo kavu inatosha kukipandisha shingoni. Ukilishika tumbo hilo kwa kiganja, kinapanda papo hapo.

Ndani ya kioo kilichozibwa haina neno. Nje ya kioo, tabia hiyohiyo ya kugeuka mvuke upesi ndiyo inayoifanya ipendwe viwandani, na ndiyo inayoua watu. Kwenye makopo yake huandikwa maonyo tuliyoyazoea: tumia mahali penye hewa, vaa glavu, epuka kuvuta mvuke. Maonyo hayo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuyafuata kwa jinsi anavyoyaelewa, dirisha wazi, glavu mkononi, barakoa usoni, na bado akaokotwa amezimia, kwa sababu kiyeyushi hiki hupita katika kila kinga hizo kwa njia yake.

Kabla ya yote, majina. Kopo moja litaandika dikloromethani, jingine methilini kloraidi, jingine DCM tu, na mengine yataficha yote chini ya jina la kibiashara la "dawa ya kuondoa rangi" au "kisafisha grisi". Jambo la uhakika ni kutafuta namba 75-09-2, ambayo ni namba ya utambulisho wa kemikali hii dunia nzima. Huwa inaandikwa kwenye karatasi ya taarifa za usalama inayopaswa kuambatana na bidhaa. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hiyo amekwisha kukujibu kama ununue au usinunue.

Kikemia ni kitu chepesi: kaboni moja, hidrojeni mbili, klorini mbili. Mfaransa Henri Victor Regnault aliitenga mwaka 1839. Inayeyusha karibu kila kitu chenye asili ya mafuta: rangi, gundi, grisi, plastiki nyingi. Viwanda vya dawa huitumia kuchuja viambato, mafundi huitumia kubandua rangi na kuunganisha vipande vya akriliki, viwanda vya sponji vimeitumia kuumua povu, na kuna kahawa inayoondolewa kafeni kwa kutumia hiyohiyo. Watu huogopa sana hiyo kahawa. Marekani inaruhusu masalia yasiyozidi sehemu 10 kwa milioni kwenye kahawa iliyokaangwa, na ukaangaji wenyewe unafanyika kwenye joto linalozidi kwa mbali kiwango chake cha kuchemka. Hofu hiyo ingehamishiwa kwenye kopo la kuondoa rangi lililoko stoo, ingefanya kazi ya maana zaidi.

Sifa iliyoipa umaarufu ni kwamba haishiki moto kirahisi. Wakati viyeyushi vingine vilikuwa vinalipuka kwa cheche moja, hiki kilionekana kuwa ndicho salama. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia: kutoshika moto kuligeuzwa kuwa kutodhuru.

Hesabu ya bafuni

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii mtu haamini. Lita moja ya dikloromethani ina uzito wa kilo 1.33. Ikigeuka mvuke yote katika joto la kawaida la chumbani, inajaza takriban lita 375. Kwa hiyo mililita 100, yaani nusu ya glasi ndogo, zinatoa lita 37 na ushee za mvuke.

Sasa chukua bafu lenye upana wa mita moja na nusu, urefu wa mita mbili, na dari ya mita mbili na nusu. Hewa yake yote ni lita 7,500. Mwaga humo zile mililita 100, funga mlango, subiri zikauke. Mvuke utakuwa karibu sehemu 5,000 kwa kila milioni ya hewa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, imeweka sehemu 2,300 kwa milioni kuwa kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai. Nusu glasi, na umezidisha mara mbili. Fundi anayebandua rangi hatumii nusu glasi.

Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba mvuke umeenea sawasawa chumba kizima, na hauenei hivyo. Mvuke wa dikloromethani ni mzito takriban mara tatu ya hewa. Juu tu ya kimiminika chenyewe, katika nyuzi 20, karibu nusu ya hewa inakuwa mvuke, na mchanganyiko huo una uzito unaokaribia mara mbili ya hewa safi. Unaporomoka kwenye kingo na kujikusanya penye shimo kama maji yanavyofanya: kwenye beseni la kuogea, tangi, karakana ya chini ya ardhi, shimo la kukagulia magari. Baada ya muda na upepo utachanganyika, lakini aliyeinamia shimoni hapati muda huo.

Ndiyo maana vifo vyake vina sura moja inayojirudia. Mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilichapisha taarifa kuhusu mafundi wa kukarabati mabeseni ya kuogea. Kazi yao ni kubandua rangi ya zamani kwenye beseni na kupaka mpya. Kati ya 2000 na 2011 walihesabiwa 13 waliokufa wakiwa kazini kwa namna hiyo. Fundi anaingia kwenye bafu dogo, anamimina dawa ndani ya beseni, anapiga magoti na kuinamisha kichwa chini ya ukingo ili akwangue. Katika kifo kilichochunguzwa Michigan mwaka 2010, dawa iliyotumika ilikuwa imetengenezwa na kuuzwa kwa ajili ya kubandua rangi ya ndege, kazi inayofanyika kwenye banda kubwa kama uwanja. Uchunguzi mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2021 ulihesabu vifo 85 nchini Marekani kati ya 1980 na 2018, na wengi wa waliokufa walikuwa kazini.

Kuna jambo dogo kuhusu dawa hizo ambalo ni vizuri kulijua. Nyingi huchanganywa na nta. Ukishapaka, nta inapanda juu na kutengeneza utando mwembamba unaozuia kiyeyushi kisikauke mapema, ili kipate muda wa kuila rangi. Fundi akitazama anaona dawa imetulia, harufu imepungua. Kisha anachukua mkwanguo, anasogeza uso ili aone vizuri, na kuuvunja utando. Mvuke wote uliokuwa umefungiwa unaachiwa palepale uso ulipo.

Kinachomuua ni usingizi. Kwa wingi kama huo dikloromethani hufanya kazi kama dawa ya nusu kaputi: kwanza kichwa chepesi, labda na uchangamfu usio na sababu, halafu miguu mizito, halafu ubongo unasahau kuamrisha kifua kipumue. Kati ya kichwa chepesi na kuanguka panaweza kuwa na dakika chache tu, na ubaya ni kwamba kiungo kinachotakiwa kutambua hatari ndicho kinacholeweshwa. Aliyelewa hivyo hajioni kuwa anakufa. Anajiona anamalizia kazi.

Pua inachelewa

"Nikisikia harufu nitatoka." Hii ndiyo kinga ya watu wengi, na kwa viyeyushi kadhaa si kinga mbaya. Kwa hiki haifai. Dikloromethani ina harufu tamutamu, haichomi pua, na watu wengi hawaisikii mpaka ifike kama sehemu 200 hadi 300 kwa milioni. Kikomo cha kazi cha saa nane kilichowekwa na OSHA, mamlaka ya Marekani ya usalama kazini, ni sehemu 25. Kwa maneno mengine, pua inapopiga kengele ya kwanza, umeshavuka kikomo mara nane au zaidi. Na pua nayo huzoea: baada ya muda harufu inapungua wakati mvuke unaongezeka.

Vikomo hivyo vyenyewe vina hadithi ya kufundisha. Kabla ya 1997 OSHA iliruhusu sehemu 500 kwa milioni kwa siku nzima ya kazi. Mwaka huo ikashusha hadi 25, na 125 kwa muda usiozidi dakika 15. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilipiga marufuku matumizi mengi ya kemikali hii, na kwa viwanda vichache vilivyoruhusiwa kuendelea ikaweka sehemu 2 kwa siku ya kazi na 16 kwa dakika 15. Kutoka 500 hadi 2. Kemikali ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba watafiti walianza kutazama kinachotokea ndani ya mwili baada ya mfanyakazi kurudi nyumbani.

Sumu inayotengenezwa na ini lako

Mwaka 1972 Richard Stewart na wenzake wa Milwaukee walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wengi. Watu waliojitolea kuvuta mvuke wa dikloromethani walipopimwa damu, ilikutwa na kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa na moshi wa gari. Hapakuwa na moto wowote chumbani. Gesi ilitengenezwa na miili yao wenyewe.

Inavyotokea ni hivi. Mvuke ukiingia mapafuni unahamia kwenye damu, na ini linajaribu kuuvunjavunja ili kuutoa. Kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho pia hushughulikia pombe, huukata, na katika mabaki yake hutoka kaboni monoksaidi. Gesi hii hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka, nyekundu kabisa, lakini nafasi za kubebea oksijeni zimekaliwa na mgeni asiyetaka kushuka.

Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1981, watu waliokaa saa saba na nusu kwenye hewa yenye sehemu 200 kwa milioni walifikia karibu asilimia 7 ya himoglobini iliyotekwa. Kwa asiyevuta sigara kiwango cha kawaida hakifiki hata asilimia 2. Na kumbuka: sehemu 200 ndipo pua inapoanza kusikia.

Mtu mwenye moyo mzima anaweza kuvumilia asilimia 7 kwa kuumwa kichwa na uchovu ambao atausingizia jua au njaa. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba habari yake ni nyingine. Mwaka 1976 Stewart na mwenzake walieleza katika jarida la madaktari wa Marekani kisa cha mstaafu wa miaka 66 aliyekuwa akibandua rangi ya fanicha kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Alifanya kazi saa chache, akapata shambulio la moyo. Akatibiwa, akapona, akairudia kazi ileile, akapata la pili. Miezi ilipopita akairudia tena, na la tatu likamuua. Hakuna aliyeunganisha kopo na moyo mpaka baadaye.

Kuna la kuongeza ambalo nadhani ndilo lisiloeleweka kabisa nje ya maabara. Ukivuta moshi wa jiko kisha ukatoka kwenye hewa safi, kaboni monoksaidi damuni hupungua kwa nusu ndani ya saa nne au tano. Ukivuta dikloromethani, saa haziendi hivyo. Kiyeyushi kinajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, ini linaendelea kukikata, na gesi mpya inaendelea kuzalishwa ukiwa umeshaoga na kulala. Kupungua huchukua takriban mara mbili ya muda ule, na kilele cha sumu kinaweza kufika saa kadhaa baada ya kutoka kazini. Kwa mama mjamzito hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kaboni monoksaidi huvuka kondo la nyuma na himoglobini ya mtoto tumboni huishikilia kwa nguvu zaidi.

Basi kuna njia mbili za kuua, na si vizuri kuzichanganya. Mvuke mwingi kwa muda mfupi huua kwa kuzima ubongo. Aliyekufa hivyo anaweza kupimwa akakutwa na kaboni monoksaidi kidogo tu, kwa kuwa ini halikupata muda wa kuitengeneza. Mvuke wa wastani kwa saa nyingi huumiza moyo kwa njia ya damu. Anayejua njia moja tu atakosea kwenye nyingine.

Ipo na ya tatu, ya miaka. Sehemu ya dikloromethani haipiti kwa CYP2E1 bali kwa kimeng'enya kingine, na huko mabaki yake ni fomaldehaidi na vipande vinavyoweza kuharibu vinasaba. Baadhi ya watu huzaliwa bila kimeng'enya hicho kabisa, jambo linaloonyesha kwamba hatari hii haigawanyiki sawa. Panya wa maabara waliovutishwa mvuke walipata uvimbe wa ini na mapafu. Huko Osaka, Japani, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji waliokuwa wakisafisha mashine kwa viyeyushi vya klorini waligundulika kuwa na saratani ya mirija ya nyongo kwa idadi isiyo ya kawaida, wengine wakiwa bado vijana. Lawama kubwa ilikwenda kwa kiyeyushi kingine, dikloropropani, lakini wengi wao walikuwa wamevuta dikloromethani pia. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka dikloromethani kwenye kundi 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu.

Kilichoko mkononi na usoni

Glavu kwanza. Glavu nyembamba za naitrili, zile za buluu zinazovaliwa kila mahali, ni nzuri kwa mambo mengi. Tone la dikloromethani likizidondokea, unahisi baridi kidoleni karibu mara moja, kisha mwasho. Itazame glavu: haijatoboka, haijachanika, labda imekunjamana kidogo tu. Kiyeyushi hakikuhitaji tundu. Kimepenya katikati ya plastiki yenyewe, na sasa kimefungiwa kati ya glavu na ngozi, mahali ambapo hakiwezi kukauka. Hapo glavu imegeuka kuwa kibandiko cha kemikali, na ngozi inaweza kuungua vibaya kuliko kama mkono ungekuwa mtupu. Glavu za mpira wa kawaida hazina nafuu.

Zinazohimili ni za aina mbili. Moja ni za polivinili alkoholi, ambazo zina kasoro ya ajabu: maji huziyeyusha, kwa hiyo hata jasho jingi au sinki lililolowa huziharibu. Nyingine ni zile bapa za matabaka ya plastiki, zinazopwaya mkononi kama mfuko. Wazoefu huvaa hizo za matabaka ndani, kisha juu yake naitrili nene ili vidole vishike vitu. Anayeshika chupa kwa sekunde chache maabara anaweza kutumia naitrili peke yake kwa sharti moja: tone likigusa, zivuliwe palepale na mikono ioshwe. Nani anayefanya hivyo katikati ya kazi? Wachache.

Barakoa ni mtego mkubwa zaidi, maana inampa mtu ujasiri. Ya vumbi, iwe ya kitambaa au ile ngumu ya mafundi seremala, haizuii mvuke hata kidogo. Mvuke si chembe za kuchujwa. Wengi wanalijua hilo, kwa hiyo hununua barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa amilifu, inayoandikwa kuwa ni ya mivuke ya viyeyushi. Kwa thina na nyingine nyingi inafaa. Dikloromethani, kwa kuwa ni nyepesi kuchemka, haishikwi vizuri na mkaa. Inaingia, inasogezwa, inatokea upande wa pili mapema. Na kwa kuwa pua huchelewa kuisikia, anayeivaa hajui kwamba kichujio kimekwisha kazi. Kwa sababu hiyo kanuni za OSHA haziruhusu barakoa za vichujio kwa kazi za dikloromethani, isipokuwa zile za kukimbilia wakati wa dharura. Kinachotakiwa ni hewa inayoletwa kutoka nje kwa bomba, au mtungi mgongoni. Fundi wa kawaida hana vifaa hivyo, na mimi naona huo ndio ushahidi wa kutosha kwamba fundi wa kawaida hapaswi kuitumia ndani ya chumba.

Kinachofaa kweli

Dawa bora ni kutoitumia. Si usemi wa kukata tamaa. Ndivyo sheria zilivyoamua baada ya kujaribu maonyo kwa miongo. Umoja wa Ulaya uliziondoa dawa za kuondoa rangi zenye dikloromethani mikononi mwa wanunuzi na mafundi wengi kati ya 2010 na 2012, zikabaki kwa viwanda vyenye masharti maalumu. Marekani ilizuia uuzaji wake rejareja kwa kazi ya kubandua rangi mwaka 2019. Kwa kazi hiyo zipo dawa zenye alkoholi ya benzili, zinazofanya kazi polepole, kwa saa badala ya dakika. Ipo mashine ya hewa moto, ipo msasa wenye kinyonya vumbi. Ila kwenye rangi za zamani zenye madini ya risasi, hizi mbili zinahitaji tahadhari nyingine kabisa.

Mbadala nao uchunguzwe. N-methilipirolidoni iliwahi kusifiwa kuwa mrithi mpole, kisha ikajulikana kuwa inadhuru mimba. Bromopropani iliingia viwandani kusafisha vyuma ikaharibu neva za wafanyakazi. Dikloromethani yenyewe iliingia kwa sifa hizohizo za usalama. Neno "isiyo na dikloromethani" kwenye kopo linakueleza kisichokuwemo tu. Kilichomo kisome mwenyewe.

Pale ambapo haikwepeki, kama kwenye maabara na viwanda vya dawa, kazi ifanyike ndani ya kabati la kunyonya mvuke au kwenye mtambo uliofungwa. Feni ya kawaida ndani ya chumba kilichofungwa haiondoi kitu, inakoroga tu. Kinachohitajika ni hewa inayoingia upande mmoja na kutokea mwingine hadi nje, na kinywa cha kunyonya kiwe karibu na kazi, chini, kwa sababu huko ndiko mvuke unakoelekea. Dirisha la juu lililofunguliwa halimsaidii aliyeinamia tangi.

Usivute sigara wala usichomelee karibu. Ni kweli haiwaki kirahisi, lakini mvuke wake ukipita kwenye moto au chuma chenye joto kali huvunjika na kutoa asidi ya hidrokloriki pamoja na fosjeni, gesi iliyotumiwa vitani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Fosjeni ina tabia ya kumwacha mtu akijiona mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu hayajajaa maji.

Chupa iwekwe mahali pa baridi, na siku ya joto ifunguliwe taratibu: kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 40 hujaza mgandamizo chini ya kifuniko na kinaweza kuruka usoni. Isikae kwenye vyombo vya alumini. Isichanganywe na asidi ya nitriki, wala na taka zenye azidi ya sodiamu, kwani michanganyiko hiyo inaweza kulipuka. Matambara yaliyolowa yafungiwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, yasiachwe sakafuni yakaendelea kutoa mvuke usiku kucha. Taka zake zikusanywe na za viyeyushi vingine vya klorini, zitengwe na nyingine, na zisimwagwe sinkini. Dikloromethani ni nzito kuliko maji; ikifika ardhini huzama hadi chini ya maji ya visima na kukaa huko, mahali ambapo kuitoa ni kazi ya miaka.

Ukimkuta mtu ameanguka

Usiingie mbio. Mvuke uliomwangusha bado upo, na anayejitosa bila mtungi wa hewa anaweza kuangukia palepale. Ita msaada, fungua milango kwa nje, na kama inawezekana mvute kwa kamba au kwa miguu bila kuingiza kichwa chako shimoni. Akishatoka, alazwe penye hewa safi, avuliwe nguo zilizolowa, na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Waliozimia juu ya kiyeyushi kilichomwagika hukutwa na majeraha ya kuungua. Kama hapumui, apewe pumzi za uokoaji. Kama iliingia machoni, yaoshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 zisizopungua. Aliyeinywa asitapishwe.

Na ajisikiaye nafuu apelekwe hospitali vilevile, pamoja na kopo au karatasi yake, na daktari atajiwe jina lenyewe, si "kemikali ya rangi". Kuna sababu maalumu. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyotekwa na kaboni monoksaidi. Zote kwake ni nyekundu. Kitaandika 98 au 99 kwa mgonjwa ambaye moyo wake unakosa hewa. Kinachohitajika ni kipimo cha damu kinachosoma kaboni monoksaidi yenyewe, oksijeni safi kwa barakoa, na mashine ya kufuatilia moyo. Kipimo kikitoka kizuri, kirudiwe baada ya saa chache kabla ya kumruhusu, kwa kuwa namba hiyo inaweza kuwa bado inapanda.